Ziara ya shamba la Mdachi, Lindi: nenda, ila uliza nani alilima

Jumamosi iliyopita nilitoka Mtwara na mama yangu kwenda Lindi kwa jambo moja tu: ziara ya nusu siku kwenye mahame ya shamba la mkonge la Mdachi mmoja, yaani Mjerumani wa enzi za ukoloni, njia ya kuelekea Kikwetu. Kijana anayetembeza wageni hana ofisi wala bango, namba yake nilipewa na mwalimu mwenzangu. Anatoza shilingi 15,000 kwa kichwa, bajaji unalipa mwenyewe. Tulipatana saa moja na nusu asubuhi. Saa moja na robo alikuwa ameshasimama stendi, akamwamkia mama "shikamoo bibi" na kumpokea kikapu kabla hata ya kunisalimu mimi.

Nyumba yenyewe haikubaki na mengi. Kuna ngazi tano za mawe, sakafu ya saruji iliyopasuliwa na mizizi ya mwembe, na nyuma kuna hodhi refu ambalo siku hizi wanyweshea mbuzi. Jiko lilikuwa peke yake, ng'ambo ya ua. Kijana anajua mahali pa kukusimamisha. Alitupandisha juu ya ngazi tukaiona bahari kwa mbali, akasema hapo ndipo mke wa Mdachi alipokuwa akikaa kuangalia kama meli ya barua imeingia. Watoto aliwafundisha mwenyewe nyumbani, kwa vitabu vilivyokuja na meli hizo hizo. Mmoja alifariki kwa homa. Kaburi liko chini ya mkwaju, mawe yamepangwa, maandishi yameshafutika. Mama alikwenda akaliondolea matawi makavu, moja moja, na sisi tukamsubiri.

Kitu nilichompendea huyu kijana ni kwamba hachanganyi ya vitabuni na ya wazee. Akikuambia mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000 ikapitia Ujerumani na ikabaki hai 62 tu, anakuambia hayo yameandikwa. Akisema Mdachi huyu hakukosa kuzunguka shamba kila alfajiri na mbwa wake, anasema kayasikia kijijini. Jina la Mdachi alitutajia. Ukoo wake huenda bado upo, kwa hiyo siliandiki hapa.

Lakini nusu saa nzima nilikuwa naumia kwa neno moja. "Mdachi alifyeka pori hili." "Mdachi alilima eneo lote hili." Nafundisha historia, sikuweza kuvumilia. Nikamwambia, mdogo wangu, Mdachi hakulima, alilimiwa. Mkulima kwetu ni mtu mwenye jembe mkononi. Mama yangu huyu, mwenye mikorosho yake Newala na anayeipalilia mwenyewe, ndiye mkulima. Bwana yule alikuwa mwenye shamba. Waliofyeka walisukumwa na kodi ya kibanda, rupia 3 kwa mwaka, iliyoanza 1898, na rupia haichimbwi kama muhogo. Wengi hawakuwa na pa kuipata ila shambani kwa Mzungu. Tena ni katika mkoa huu huu wa Lindi, kule Nandete, ambako Julai 1905 watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Huwezi kusimulia sebule ya familia hii ukayaacha hayo nje ya mlango.

Hakununa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi mwalimu, twende kambini."

Tukateremka kama dakika kumi. Kambi ya vibarua haina hata jiwe la kuonyesha, maana nyumba zilikuwa za miti na udongo. Kuna kisima kilichofukiwa na mikonge iliyoota ovyo, mingine imetoa milingoti mirefu. Na hapo ndipo pesa yangu ilipopata thamani yake. Kijana alikata jani, akaondoa mwiba wa ncha, akalilaza juu ya kipande cha ubao na kuanza kulipara kwa panga. Maji ya kijani yakamchuruzikia mikononi.

"Mjukuu wangu, utajiwasha," mama akamwambia. "Lete hapa."

Akaketi chini, akajifunga kanga vizuri, akapara kutoka katikati kwenda mwisho, akaligeuza jani, akapara nusu iliyobaki. Nyama ya jani ikatoka yote, zikabaki singa nyeupe, ndefu kuliko mkono wangu. Akaanza kuzisokota pajani. Huku anasokota akasema mambo ya babu ambayo mimi, mwanawe, sikuwahi kuyasikia. Babu aliteremka kutoka Newala kwenda mkonge wa Lindi wakati wa Mwingereza. Kipande, yaani kadi ya kazi ya kibarua, kilikuwa cha siku 30, lakini si siku za kalenda: siku usiyomaliza mafungu yako ya majani, nyapara hakuiandika. Kipande kimoja kiliwahi kumla siku 45. Mama alifundishwa na babu kusokota kamba kwa mkonge wa kando ya barabara, lakini uwanjani kwake babu hakuruhusu uote hata mmoja.

Kijana aliyaandika yote kwenye daftari.

Mwisho wa familia ya Mdachi anausimulia kwa ufupi na kwa usahihi. Waingereza waliingia Lindi Septemba 1916, mashamba ya Wajerumani yakahesabiwa mali ya adui na kuuzwa, wenyewe wakarudishwa kwao. Waliruhusiwa tena kuanzia 1925. Wazee wanasema huyu hakurudi.

Vaeni viatu vya kufunika, miiba ni mingi. Bebeni maji, njiani hakuna duka, na choo hakuna kabisa. Kwa mtu mzima kama mama hilo ni tatizo na kijana anapaswa kulisema mapema kwenye simu. Chakula hakimo kwenye bei. Sisi tulirudi mjini tukala wali na pweza wa nazi, saa nane mchana, na mama hakuacha kitu.

Jana kijana alinipigia. Kikundi kijacho anakianzishia kambini, kisha ndiyo wapande kwenye ngazi. Akauliza kama bibi anaweza kuja kuwaonyesha wageni namna ya kupara jani. Mama amekubali. Nimemwambia kijana amlipe.