Treni ya SGR ilitupitisha nyumbani kwetu ikatushusha mjini, mama akatembezwa usiku na goti bovu

Naandika hii bado nina hasira japo zimepita kama wiki mbili tatu hivi. Msianze kuniambia SGR, hii treni ya reli mpya ya kisasa, ni nzuri, najua ni nzuri, nimeipanda, sina ugomvi na behewa wala na mwendo wake. Ugomvi wangu unaanza pale treni ikishasimama na mlango ukafunguliwa.

Nlienda Dodoma kumchukua mama. Goti linamsumbua muda mrefu sasa, nikasema aje akae kwangu atibiwe huku Dar. Zamani safari hiyo ilikuwa adhabu kwake, basi kuanzia asubuhi mpaka jioni kakunja mguu, mkishuka stendi ya mabasi Mbezi hawezi hata kusimama. Ndo maana nikamkatia SGR ya jioni, ile ya haraka, na hakuwahi kuipanda. Akakaa dirishani mguu kaunyoosha, chini ya kiti kaweka boksi la zabibu alizowanunulia wajukuu kwa hela yake mwenyewe, kila baada ya muda anainama kuligusa aone kama lipo. Tulivyofika Morogoro akaniuliza mara mbili, "Hii ni Moro kweli? Si tumeondoka sasa hivi tu?" Nlifurahi jamani, nikampiga picha nikamtumia dada yangu, nikamwambia kwa hili nchi yetu imepiga hatua, na nlimaanisha.

Sasa tunaikaribia Dar, kagiza kameshaingia, mama akasoma kibao dirishani, PUGU. Akanigeukia. "Mwanangu, si ndo kwenu hapa?" Nikamwambia ndo kwetu mama. "Sasa mbona haisimami?"

Sikuwa na jibu. Mimi nakaa Gongo la Mboto, kutoka ile stesheni ya Pugu mpaka mlangoni kwangu ni bajaji ya muda mfupi tu. Zipo treni za kawaida zinazosimama Pugu, hii ya haraka haikusimama, na nakubali wakati nakata tiketi niliangalia saa sikuangalia vituo. Lakini hebu fikiria, upo ndani ya treni unaziona taa za mtaa wako zinapita dirishani, umebeba mgonjwa, na huna la kufanya ila kupelekwa mpaka mjini halafu uanze kutafuta usafiri wa kukurudisha kulekule ulikopitishwa.

Tukashuka mjini inakaribia saa tatu usiku. Jengo zuri, taa kila mahali, wageni wanapiga picha. Nikaita bajaji kwenye simu, dereva akapokea, akasema yupo nje ya geti hawamruhusu kuingia. Nikamfuata mlinzi kwa heshima zote, nikamwamkia shikamoo maana ni mtu mzima, nikamwomba, baba mama yangu ana goti, naomba bajaji iingie dakika moja tu nimpakie. Hakuniangalia hata usoni. Akasema bajaji haziingii humu. Nikamwonyesha mama, kasimama pale kaegemea begi. Akamwangalia juu mpaka chini akasema, "Mama tembea, hapa si hospitali."

Mama yangu ana miaka zaidi ya 70. Akamjibu, "Haya baba, asante," akaanza kutembea.

Sijui yule mlinzi yupo chini ya nani na hata ningejua nisingemtaja hapa. Ila ile "haya baba asante" ndo inayonitesa mpaka leo. Tulitembea kama mita 300 hivi ila kwa goti lile ilikuwa ni safari nyingine kabisa, mimi mabegi mawili, mama kakataa kuniachia boksi kalibeba kifuani, tunapumzika kila baada ya hatua kumi na tano, ishirini. Njiani boksi likalowa chini likaachia, maji ya zabibu yakawa yanachuruzika kwenye kitenge chake, na hakusema chochote, alibadilisha mkono tu akashikilia kwa chini zisimwagike. Dereva wangu akachoka kusubiri akaondoka. Aliyebaki akataka elfu 25. Elfu 25 wakati nauli ya treni ya kawaida Dodoma mpaka Dar nzima ni elfu 31! Nikalipa, ningefanyaje.

Halafu ndo foleni ya Nyerere Road, Tazara tumesimama, Airport tumesimama, Banana ndo usiseme, barabara ya mabasi ya mwendokasi ya huku kwetu ilikuwa bado inajengwa vumbi lote letu. Dodoma mpaka Dar masaa matatu na kitu, stesheni mpaka Gongo la Mboto saa moja na nusu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba reli huku kwetu zipo. Ipo ile ya zamani inayopita treni ya Mwakyembe, ile treni ya mjini iliyopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, tuliizoea tangu 2012 ilipoanza kule Ubungo, baadae ikaja na ya Pugu, lakini hiyo ni ya asubuhi na jioni ya wafanyakazi, saa tatu usiku ilishalala. Ipo ya TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ina stesheni yake na upana wake wa reli, ile ya zamani ina wa kwake, SGR nayo ya kwake, kwa hiyo hata behewa la huku haliwezi kupita kule. Sawa, upana sio wa kubadilisha kesho. Lakini ratiba je? Treni moja tu ya mjini ikisubiri abiria wa SGR wa usiku iwarudishe mpaka Pugu, au basi la mwendokasi liingie palepale mlangoni watu washuke hapa wapande hapa, inahitaji uhandisi gani? Kila siku tunasikia mtandao wa reli unapanuliwa, utafika kule, utafika kule. Mimi naomba kwanza zilizopo zikutane.

Nlikuwa nimeshasema sipandi tena na sitamshauri mtu mwenye mgonjwa. Asubuhi yake mama anakunywa chai na majirani wamekuja kumsalimia, namsikia anahadithia treni, mguu kaunyoosha, hajatikisika, Moro kufumba na kufumbua, na mlinzi hakumtaja hata kidogo. Nikanyamaza. Nikasema labda safari hii niipe nyota nne basi, treni imestahili. Halafu nikaenda jikoni nikakuta zabibu zilizobaki kaziosha kaziweka kwenye sahani, robo tu ya boksi, nyingine zote zimepondeka, hasira ikarudi yote. Nyota mbili. Na hizo mbili ni za treni, huko nje ya mlango hakuna hata moja.

Anarudi mwezi ujao na amekataa basi, anataka SGR. Nimeshamwambia tutachukua ile ya kawaida na atapandia hapahapa Pugu, nimeshaenda mwenyewe kuangalia bajaji inafika mpaka wapi.