Surge XT kwa tyuni zisizofuata oktavu: injini safi, kibodi bado inahesabu 12

Surge XT ni sintesaiza ya kompyuta, ya bure, na msimbo wake uko wazi tangu 2018. Kwa mtu anayetaka kugawanya nafasi ya sauti isiyo oktavu, sifa yake kubwa ni kwamba haimrudishi kwa nguvu kwenye 2/1, yaani oktavu. Inasoma faili za Scala (.scl), yaani faili za maandishi zinazoorodhesha nota za tyuni, na ndani ya faili hizo mstari wa mwisho ndio unaoamua tyuni ijirudie wapi. Sintesaiza kadhaa hujisifu kwa tyuni za kujipangia, kumbe zinakuruhusu tu kusogeza nota 12 za kila oktavu. Huko Bohlen-Pierce, tyuni inayojirudia kwenye 3/1 badala ya oktavu, haiingii hata kwa ujanja.

Na Bohlen-Pierce ndiyo ya kuijaribia. Hugawanya 3/1, yaani senti 1901.955 (oktavu ni senti 1200), kwa hatua 13 zilizo sawa, kila hatua senti 146.304. Faili huandikwa kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida:

! bp.scl
Bohlen-Pierce, hatua 13 sawa
13
146.304
292.608

Endelea kujumlisha hadi 1755.651, kisha funga kwa 3/1. Mstari wa maelezo usirukwe. Ukikosekana, ile 13 itachukuliwa kuwa maelezo na hesabu yote itavurugika. Kosa linalosumbua zaidi ni nukta. Namba yenye nukta ni senti, isiyo na nukta ni uwiano. Mstari wa mwisho ukiandikwa 1902 bila nukta, utasomwa 1902/1, karibu oktavu 11. Nota 13 za kwanza zitalia vizuri, inayofuata itaruka nje ya uwezo wa masikio, nawe utaanza kulaumu spika.

Bila faili la ramani ya kibodi (.kbm), kitufe cha MIDI namba 60 hubaki kwenye 261.63 Hz. Ukiweka ramani inayosema kitufe cha 69 ni 440 Hz, cha 60 kitashuka hadi karibu 205.7 Hz, kwa sababu hatua 9 sasa ni senti 1316.7, siyo 900. Programu haijaharibika.

Piga 60, 66 na 70 kwa pamoja: hiyo ni 3:5:7, ambapo 5/3 imepungua senti 6.5 na 7/3 senti 3.8. Sauti ya kuanzia ikiwa wimbi la msumeno, utasikia mgongano na kudhani tyuni ni mbaya. Tatizo ni hamoniki (sauti za juu zinazoandamana na kila nota) za shufwa, zinazoleta oktavu ambayo ngazi hii haina. Tumia wimbi la mraba, upana 50%, ambalo lina hamoniki za witiri peke yake, na zima unisoni, yaani nakala za nota moja zilizopishana kidogo. Tofauti ni kubwa mno. Hakuna mpangilio mwingine katika programu hii unaolipa hivyo.

Kero iko kwenye vidhibiti. Menyu ya tyuni inakuuliza kama tyuni itumike MIDI inapoingia au baada ya modulesheni (mabadiliko ya sauti kama kupinda). Ukichagua ya pili, kupinda sauti hufuata hatua za ngazi. Ukichagua ya kwanza, kupandisha oktavu moja ndani ya programu hupanda senti 1200 kamili, mahali ambapo ngazi haina nota. Vitufe vya oktavu kwenye kibodi yenyewe navyo husogeza hatua 12, yaani senti 1755.65, hatua moja pungufu ya 3/1, hivyo mkono wa kushoto hupotea kila vinapoguswa.

Ngazi za mtunzi wa muziki Wendy Carlos, Alpha na Gamma, nazo hazina oktavu, na ni rahisi zaidi kuandika: Alpha inahitaji nota 1 tu, mstari mmoja wa 77.965. Hatua 9 zinafika senti 701.7, karibu kabisa na 3/2, lakini oktavu inakosekana: hatua 15 ni 1169.5, 16 ni 1247.4. Gamma, yenye hatua za senti 35.099, inafuata njia hiyohiyo, ila kibodi ya vitufe 61 inaishia senti 2106, chini ya oktavu mbili. Bohlen-Pierce kwenye kibodi hiyohiyo, kuanzia kitufe cha 36, inatoka takriban 34 Hz hadi 5,480 Hz.