Nilidaiwa milioni 3 kwa kusitisha kuuza nyumba yangu Moshono: uzoefu wangu

Naandika hii kwa yeyote hapa Arusha anayetaka kumkabidhi dalali nyumba auze, na siongelei wale madalali wa kijiweni, naongelea wenye ofisi, kadi na mkataba wa kurasa nne. Jina lao silitaji.

Nyumba yetu iko Moshono, vyumba vitatu, tumeijenga kidogo kidogo miaka saba. Mwaka jana mume wangu akaambiwa anahamishiwa Dodoma tukaona bora tuuze, tukawapa hawa jamaa, bei milioni 95, komisheni yao asilimia 5 ikishauzwa, mkataba wa miezi sita na ndani ya hiyo miezi wao peke yao ndo wanauza. Kaka aliyekuja kunisainisha alikuwa mpole kweli, Kiswahili mwanzo mwisho, mama hivi mama vile, ila mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza na mimi nikaangalia ukurasa wa bei nikasaini. Mume hakuwepo na wala hawakuuliza kama ameridhia, wakati nyumba ya familia huwezi kuuza bila ridhaa ya mwenzako, Sheria ya Ndoa ya 1971 imesema wazi. Hapo ndo nilitakiwa nishtuke.

Miezi mitatu walileta watu wawili tu. Wa kwanza kumbe alikuwa anatafuta ya kupanga. Wa pili mama mmoja katoka Usa River, akaniambia hapo getini kwamba ametoa elfu 20 ya kuonyeshwa nyumba. Jamani niliona aibu, mtu anakuja kuangalia nyumba yangu kashatozwa hela na mimi sina habari. Picha walizoweka Instagram zilipigwa na simu giza likishaanza kuingia, nguo za watoto zinaning'inia kwenye kamba, nikawaambia warudi wapige mchana, hawakurudi.

Baadaye uhamisho ukafutwa. Nikawapigia nikawaambia siuzi tena naomba tusitishe, na upole ukaishia hapo hapo. Kesho yake ikaja ankara WhatsApp, fidia ya kuvunja mkataba asilimia 3 ya bei, yani 2,850,000, wakajumlisha na VAT asilimia 18 ikawa 3,363,000, nilipe ndani ya siku saba la sivyo mahakamani. Sikulala. Milioni tatu kwa watu wawili waliofika getini, na mmoja hata hanunui!

Nikampelekea mkataba wakili tunayesali naye. Akasema kipengele kweli kipo na nimesaini, siwezi kukikana, lakini Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema hata kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa ukivunja, mahakama inatoa fidia inayofaa na ile hela iliyoandikwa ndo mwisho wake, sio kwamba lazima uilipe yote. Akaniambia usigombane nao, waandikie barua, omba mchanganuo wa gharama pamoja na risiti, na kama wanatoza VAT wakupe VRN, yani namba yao ya usajili wa VAT, na risiti ya mashine ya EFD.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikaipeleka mwenyewe nikasainiwa nakala kwamba wamepokea. Wiki nzima kimya. Halafu akanipigia dada mmoja mhasibu, wa kwanza kuongea na mimi kama mtu, akasema ile VAT niachane nayo. Nikaenda ofisini tukakaa mezani, risiti zilizokuwepo ni bango 80,000 na tangazo la kulipia 150,000. Walikuwa wameandika na usafiri laki nne ila hakuna karatasi hata moja, na kutoka mjini mpaka Moshono kila mtu anajua ni nauli gani. Nikalipa 230,000, nikapewa risiti.

Kabla sijatoa hela nikaomba vitu viwili kwa maandishi, barua yenye muhuri kwamba mkataba umekwisha na hawanidai, na majina ya hao watu wawili walioleta. Hilo la majina lina sababu, kwenye mkataba kuna kipengele kwamba mteja waliyemleta wao akija kununua ndani ya miezi sita baada ya mkataba kuisha komisheni yao iko pale pale, sasa bila majina wangeweza kudai kwamba mnunuzi yeyote ni wao walimleta. Nakala za hati wakanirudishia, hati yenyewe sikuwahi kuwapa na namshukuru Mungu.

Nawapa nyota mbili kati ya tano, na zote ni za yule dada mhasibu. Bango waliahidi watakuja kulitoa, siku nne hawajatokea na watu wanagonga geti usiku wakati wa chakula kuulizia bei, nikachukua nyundo nikaling'oa mwenyewe.