Uzoefu Wangu: Mashine ya Kufyonza Vumbi kwa Nyumba Yenye Paka na Mbwa

Nyumbani kwetu kuna paka wawili, mmoja wao wa manyoya marefu, na mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili: magumu juu, na chini yake sufi laini ambayo msimu wa kubadilika ukifika hupukutika kwa mafungu. Sebuleni kuna zulia na makochi ya kitambaa, kwingine kote ni vigae. Mwenzangu ana mzio wa paka. Nayasema haya mapema ili msomaji ajipime. Kama una mbwa mmoja wa manyoya mafupi na nyumba yako ni vigae tupu, mengi ninayoyaandika hapa hayakuhusu. Nunua mashine nyepesi iliyotengenezwa vizuri, itakutosha.

Ninayoitumia sasa ni ya waya, ya kuburuta chini, ya mfuko, na kichwa chake kina brashi inayozungushwa na mota yake yenyewe. Kabla yake nilikuwa na ile ya fimbo isiyo na waya. Roboti ipo pia, ina kazi zake. Baada ya kuishi na zote tatu nina jambo moja la kumwambia anayetaka kununua: achana kwanza na nguvu ya kunyonya, angalia kichwa.

Dukani kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni wati. Wati ni umeme ambao mota inakula. Hazikwambii ni uchafu kiasi gani utatoka kwenye zulia. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1600 mwaka 2014, ukakishusha hadi 900 mwaka 2017, na viwanda vikaendelea kutoa mashine zinazosafisha vizuri kwa kuboresha njia ya hewa na vichwa. Hata lebo zile za ubora wa nishati zilikuwa na walakini: mwaka 2018 Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni iliyozianzisha, katika kesi iliyofunguliwa na kampuni ya Dyson, watengenezaji wa mashine hizi, kwa kuwa mashine zilikuwa zinapimwa zikiwa tupu. Mwenye wanyama anaielewa hoja hiyo mara moja. Kwangu mashine huwa tupu kwa muda wa kumaliza nusu ya zulia tu.

Kunyonya peke yake hakutoi manyoya. Unywele wa mnyama una magamba madogo sana, unashikwa na umeme tuli wa kitambaa, na ukishakanyagwa unajisokota ndani ya nyuzi za zulia. Hewa inapita juu yake na kuuacha palepale. Ni lazima kitu kiuguse na kuung'oa, na kitu hicho ni brashi ya kuzunguka. Hapa ndipo pa kuwa macho, maana brashi hizo ni za aina mbili na kwenye boksi zinafanana. Kuna inayozungushwa na mota na kuna inayozungushwa na upepo ule ule unaonyonywa. Ya upepo inazunguka kwa furaha ukiishika hewani, lakini ukiikandamiza kidogo kwenye kochi inapunguza kasi, na mara nyingi inasimama kabisa. Ya mota inaendelea. Tofauti hii inaonekana zaidi kwenye kile kichwa kidogo cha makochi na viti vya gari. Kama mashine inauzwa kwa jina la kuwafaa wenye wanyama na kichwa chake kidogo ni cha upepo, mimi siinunui, hata mota kubwa iwe nzuri namna gani. Jaribio rahisi: mwombe muuzaji aiwashe, kisha ibonyeze brashi kwenye kiti cha kitambaa usikilize sauti. Ikinyamaza, umeshapata jibu.

Baada ya hapo geuza kichwa juu chini uangalie rola yenyewe. Manyoya marefu hujiviringisha humo kama uzi kwenye kibiringo, na hayo ya katikati si tatizo, unayaona na unayakata. Ya hatari ni yale yanayotambaa hadi kwenye ncha mbili, yakaingia chini ya vifuniko pale rola inaposhikiliwa na beringi. Humo hukazana yakawa pete ngumu. Rola inazunguka kwa shida, msuguano unaleta joto, na plastiki inaanza kulainika. Ile ya fimbo iliishia hivyo: harufu ya kuungua, nikafungua, nikakuta ncha moja imeyeyuka na kuwa bapa, imezungukwa na manyoya meusi yaliyobanana kama kipande cha ngozi. Kituo cha matengenezo kilikataa kuihesabu ndani ya dhamana kwa madai kwamba nywele si hitilafu ya kiwandani. Mashine ilikuwa na picha ya mbwa kwenye boksi. Hilo lilinikera na bado linanikera, na ndiyo sababu sasa nasoma masharti ya dhamana kuhusu rola kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Kwenye mashine ya sasa rola inatoka kwa kuzungusha kifuniko cha pembeni kwa vidole, bila bisibisi. Vifuniko vya ncha navyo vinachomoka. Badala ya nywele ndefu za brashi tu, rola ina mapezi ya mpira, na mbele yake kuna kitana cha plastiki kinachokwaruza manyoya kabla hayajajizungusha. Haimalizi tatizo, msiamini matangazo yanayosema hakuna kinachonasa kamwe, ila imelipunguza sana. Ninayokuta nayakata kwa kile kidude cha mafundi cherehani cha kufumulia mishono: unakichomeka chini ya manyoya, unakisukuma kufuata urefu wa rola, yanafunguka yote kwa mkato mmoja. Mkasi hufanya kazi hiyo vibaya na huchana mapezi.

Sasa mzio, jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko usafi wa macho. Watu wengi hudhani manyoya ndiyo yanayomfanya mtu apige chafya. Kinachosumbua ni protini; ya paka inaitwa Fel d 1, na hutoka kwenye mate na tezi za ngozi. Paka anapojilamba anaipaka mwili mzima, inakauka, inabanduka kwa chembe ndogo mno ambazo huelea hewani kwa muda mrefu. Kwa hiyo mashine inaweza kulikusanya kila fungu la manyoya unaloliona na wakati huohuo ikatoa chembe hizo nyuma, pamoja na hewa ya moto, moja kwa moja usoni kwa mgonjwa. Tulikuwa tunaishi hivyo. Sakafu inang'aa, mwenzangu macho mekundu.

Kinachotakiwa ni filta ya HEPA ya kweli, yaani ile ya kunasa chembe ndogo mno. Kwa kipimo cha Marekani inatakiwa inase asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3, kwa daraja la Ulaya la H13 ni asilimia 99.95 ya zile zilizo ngumu kuliko zote kunasika. Maneno ya "aina ya HEPA" au "mithili ya HEPA" hayana daraja nyuma yake. Na filta nzuri haina maana kama mwili wa mashine unavuja kwenye maungio, kwa sababu hewa hufuata njia rahisi. Usiku, zima taa, weka tochi imulike kwa upande nyuma ya mashine inayofanya kazi, uangalie kama vumbi linachezacheza kwenye mwanga pembeni ya kifuniko. Yangu ya zamani ilikuwa inatoa vumbi kwenye bawaba.

Mzio huohuo ndio ulionifanya nirudi kwenye mfuko. Mashine zisizo na mfuko, mtindo uliopata nguvu tangu James Dyson alipoingiza sokoni mashine yake ya DC01 mwaka 1993, huizungusha hewa kwa kasi hadi vumbi linatupwa pembeni na kuanguka kwenye kikombe. Kwa mchanga na makombo ni kazi nzuri sana. Manyoya, lakini, hukwama kati ya kichujio cha kati na ukuta wa kikombe, nusu huanguka na nusu hubaki, unaingiza vidole kuyavuta, na wingu linapanda. Mfuko wa kitambaa cha sintetiki unajifunga mdomo unapouchomoa, unautupa, basi. Ni kweli unanunua mifuko siku zote. Mimi naona ni gharama halali. Pia sisubiri ujae. Manyoya ya mbwa yakikaa humo na unyevu kidogo, kila ukiwasha mashine nyumba inanuka mbwa aliyenyeshewa. Kama filta yako ni ya kuoshwa, iache ikauke saa 24 kamili au zaidi kabla ya kuirudisha, kwa sababu ile mbichi huota ukungu na hubana mota.

Kuna vitu ambavyo sivifyonzi hata kidogo. Mchanga wa choo cha paka wa udongo wa bentonaiti hutoa vumbi laini linaloziba filta haraka, hivyo ule uliotapakaa naufagia kwanza. Magadi na poda za kunukisha zulia vivyo hivyo. Chochote chenye majimaji kinaondolewa kwa kitambaa, kwa sababu mashine ya kavu ni ya kavu.

Viroboto vikiingia, mashine inakuwa dawa ya pili baada ya ile aliyoiandika daktari wa mifugo. Mayai na viluwiluwi vyao hukaa chini kabisa ya zulia, na vile vilivyo ndani ya vifuko hujishika kwenye nyuzi na vinaweza kusubiri kwa miezi. Mtikisiko na joto huviamsha vitoke. Ndiyo maana katika kipindi hicho unafyonza kila siku, hata ukiona vinaongezeka siku za mwanzo, na mfuko unatolewa nje ya nyumba mara moja.

Kelele nazo zinahesabiwa, na si kwa masikio yetu tu. Kwa kilohezi, kipimo cha wembamba wa sauti, binadamu husikia mpaka 20 hivi, mbwa takriban 45, paka hufika 64. Mota ndogo za kasi za mashine za fimbo hulia kwa sauti nyembamba, na paka wetu wa manyoya marefu alikuwa anatoweka chini ya kitanda mpaka jioni. Hii ya sasa ina mngurumo mzito. Anahamia kiti cha pili na kulala. Mbwa nilimzoesha taratibu: mashine imezimwa katikati ya chumba na vipande vya chakula pembeni yake, kisha imewashwa chumba cha mbali, kisha karibu zaidi. Kumfukuza nayo kwa mchezo, kama wageni wanavyopenda kufanya, ni ukatili mdogo ambao siuruhusu.

Roboti inapita kwenye vigae wakati hatupo na kupunguza mafungu yanayokimbilia pembeni. Kama una mtoto wa mbwa au mbwa mzee anayejisaidia ndani, usiiache peke yake hata siku moja. Ikikanyaga kinyesi itakisambaza nyumba nzima kwa mpangilio uleule inaosafishia.

Kabla ya kulipa niliuliza vitu vitatu: mifuko, filta na rola za akiba vinapatikana? Muuzaji wa kwanza alikuwa na mifuko tu, nikaondoka.

Kasoro za hii niliyo nayo ni uzito na waya. Ngazi nazisafisha nimeibeba mkono mmoja, na kila nikienda vyumba vya nyuma lazima nihamishe plagi. Wakitoa mashine hiihii yenye waya mrefu zaidi, nitaibadilisha.