Changu wa kupaka na moshi wa tufaha: jioni moja katika mkahawa wa pwani ya Mombasa

Mkahawa ninaouzungumzia uko ufuoni, ukishavuka Daraja la Nyali na kushika njia ya kaskazini. Jina lake naliacha kwa makusudi, na sababu itaeleweka kabla sijafika kwenye bili.

Nianze na chakula, kwa kuwa ndicho kilichonipeleka. Changu wa kupaka aliletwa mzima, ngozi imeungua kidogo pembeni kama inavyotakiwa, na tui lake zito lenye ukwaju halikuwa limekatika hata kidogo. Mkate wa mofa ulifika ungali moto. Viazi karai vilikuwa vya kawaida tu, na chatne ya embe ilihitaji pilipili zaidi. Kwa shilingi 950 sina malalamiko, na wahudumu ni wepesi na wana adabu.

Tatizo liko hewani. Meza zote za upande wa bahari zilikuwa na shisha, na kwa kuwa ni msimu wa kusi, moshi wenye harufu ya tufaha ulivuka moja kwa moja hadi kwenye meza za familia, ambako mtoto wa miaka kama mitatu alikuwa akila chipsi. Niliitafuta shisha kwenye menyu nisiione. Nilipouliza, mhudumu aliinama akaniambia, "Hiyo haiandikwi, kaka. Unaniambia mimi tu."

Haiandikwi kwa sababu hakuna mwenye hakika kama inaruhusiwa. Shisha ilipigwa marufuku nchini Kenya mwishoni mwa Desemba 2017, kwa kanuni zilizotolewa na Cleopa Mailu, aliyekuwa Waziri wa Afya, nazo ziliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 50,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Rwanda ilikuwa imechukua hatua kama hiyo siku chache kabla. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliiachia marufuku isimame lakini ikaagiza kanuni zirekebishwe kwa kufuata utaratibu, na Januari 2024 mahakama ya Shanzu, ambayo si mbali na meza niliyokalia, iliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha kwa maelezo kwamba agizo hilo halikuwa limetekelezwa. Tangu hapo serikali husema marufuku ipo, wenye mikahawa husema haipo, na shisha inauzwa kwa kunong'onezana.

Bwana mmoja wa meza jirani, aliyeniona nikipepea moshi kwa leso, alitetea hoja yake bila hasira: yeye ni mtu mzima, mapafu ni yake, fedha ni zake, na sigara zinauzwa kihalali katika kila duka, kwa nini basi serikali imwandame yeye na buruma lake, yaani kiko chake cha shisha? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 haikumkataza mtu kuvuta sigara. Ilichofanya ni kumwondoa katika maeneo ya watu na kuzuia sigara zisiuzwe moja moja, ingawa kibanda kilicho mbele ya mkahawa huu kinauza mojamoja mchana kweupe. Ikiwa mvuta sigara ametengewa mahali, mvuta shisha naye ana haki ya kuuliza mahali pake ni wapi.

Ila kuna mtu ambaye hoja ya "mapafu yangu" haimfikii. Nyuma ya jiko, karibu na mahali pa kunawia mikono, kijana mmoja hupepea makaa jioni nzima, huyapanga kwa koleo juu ya bori, yaani kikombe cha tumbaku, kisha huvuta yeye mwenyewe mara nne au tano mpaka malio ya kiko yasikike na moshi utoke mweupe, ndipo hubadilisha kidomo na kupeleka mezani. Nilipokuwa nikila nilihesabu shisha tisa alizoziwasha hivyo. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kwamba mtu anayevuta shisha katika kikao kimoja cha saa nzima anaweza kuingiza moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi, na hapo bado hatujautaja moshi wa makaa yenyewe. Wateja walikuja kwa hiari yao. Kijana huyu alikuja kutafuta mshahara.

Ndiyo maana siukubali msimamo wa bwana yule, na vilevile siusifu wa serikali. Marufuku iliyoachwa ikining'inia haimlindi kijana wa makaa, kwa kuwa kitu kisichoandikwa hakikaguliwi: hakuna anayeuliza umri wa mvutaji, wala anayeamuru sehemu hiyo itengwe na meza za watoto. Ningependa mkahawa huu ulazimishwe kuchagua, na kabla ya hapo sheria nayo ichague.

Bili ilipokuja nilikuta nimeandikiwa "sahani ya matunda, 1,200", nami sikuwa nimeonja hata kipande cha papai. Mhudumu alicheka, akaomba radhi, akaifuta kwa kalamu: ilikuwa shisha ya meza namba nane.

Chakula nakipa nne kati ya tano. Ukienda, fika kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati makaa hayajawashwa, na uombe meza iliyo chini ya mkungu, upande wa kusini.