Kitalu cha miche barabara ya Pangani: nenda na ganda la mbegu

Kama una mti uani na hujui ni mti gani, nenda kwa yule mzee anayeuza miche chini ya mwembe, ukitoka Tanga mjini kama unaenda Pangani. Kununua hiari yako, kutajiwa mti ni bure.

Kiwanjani kwetu kuna mti mkubwa wa kivuli, majani madogo madogo, na kila anayepita ana jina lake. Fundi anasema mkrismasi, jirani anasema huo mlusina kateni haraka utajaza kiwanja kizima, apu ya simu nayo nikaipigia picha ya majani ikaleta majina matatu, na siilaumu maana majani ya hiyo miti yanafanana mno. Mzee hata picha hakutaka. "Ganda unalo mwanangu?"

Nikampa, akanitolea na ya kwake tukaweka pamoja. Mkrismasi ganda lake refu balaa, linafika hata sentimita 60, zito, gumu, kahawia iliyokolea, ndo yale watoto wanachezea mapanga. Mlusina ni jembamba, halizidi upana wa kidole kimoja hivi, na yananing'inia kwa vichala. La kwangu sasa pana, jepesi kama karatasi, rangi ya nyasi kavu, mbegu zimetuna unazihesabu kwa nje na ukilitikisa linalia. Akasema huo mkingu, kitaalamu Albizia lebbeck, msikate. Kumbe ndo maana upepo ukivuma usiku mti unapiga kelele vile! Na yote mitatu ni wageni hapa, mkrismasi katoka Madagaska, mlusina Meksiko, mkingu Asia.

Wa kwetu hasa akanionyesha mkongo, wengine wanauita mbambakofi, huu wa mbao za milango. Ganda nene kwelikweli, ukilipasua mbegu nyeusi zinang'aa na kila moja ina nyekundu upande mmoja, nzuri hadi watu wanatungia shanga. Nikachukua mche japo kanionya unakua taratibu sana.

Kasoro zipo. Viriba havina lebo hata kimoja, kila kitu kiko kichwani kwa mzee, akienda msikitini kijana anayebaki anajua michungwa na minazi basi. Halafu miche ya mkrismasi anauza bila kusema mizizi yake inatambaa juu juu na inanyanyua pevingi, mpaka umuulize mwenyewe, hiyo sijaipenda kabisa maana watu wanapanda ukutani kabisa mwa nyumba.

Nyota 4 kati ya 5. Miche ya kivuli elfu mbili, mkongo elfu tano hapunguzi. Beba ganda zima lililokauka lenye mbegu ndani, na usiende Jumamosi asubuhi, wanunuzi wa michungwa wanamjaa hapati nafasi ya kukuelekeza.