Lenzi ya Canon 50mm f/1.8 STM kwenye makumbusho ya ndege yenye giza: inafaa kwa pua, si kwa ndege nzima

Ukiuliza mpiga picha yeyote wa harusi hapa Kisumu ununue lenzi gani ya mahali penye giza, jibu ni moja: fifti, yaani lenzi ya 50mm. Ni ushauri mzuri kwa ukumbi wa harusi. Kwa mtu anayejiandaa kusafiri kwenda kupiga picha ndege za zamani ndani ya jumba la makumbusho, ushauri huo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kukuharibia safari nzima.

Tuanze na yenyewe. Canon EF 50mm f/1.8 STM ilitoka mwaka 2015. Ina uzito wa gramu 160 na mdomo wa filta wa 49mm. Umbali wa karibu kabisa wa kufokasi ni sentimita 35, na tundu lake la kupitisha mwanga lina vipande 7. Kitako chake, sehemu inayofungwa kwenye kamera, ni cha chuma, tofauti na mtangulizi wake wa mwaka 1990, ile 50mm f/1.8 II yenye kitako cha plastiki na vipande 5, ambayo bado imejaa kwa wauzaji wa mitumba. Haina mfumo wa kutuliza mtikisiko. Shika jambo hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua karibu kila kitu hapa chini.

Tatizo la kwanza ni ukubwa wa ndege, hata kabla ya kufika kwenye giza. Kamera nyingi za Canon zinazouzwa huku kwetu zina sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo, upana wa milimita 22.3. Hesabu ni rahisi: zidisha upana wa kitu kwa mita mara 50, kisha gawanya kwa 22.3. Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ina mabawa ya mita 11.2, kwa hiyo ili iingie yote kwenye fremu unahitaji kusimama mita 25 nyuma. DC-3, ile ndege ambayo Wakenya wengi wameshaiona kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, ina mabawa ya mita 29. Utahitaji mita 65. Ndege ya mabomu ya B-29 iitwayo Bockscar, iliyodondosha bomu Nagasaki mwaka 1945 na sasa iko kwenye makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani karibu na Dayton, Ohio, ina mita 43. Hiyo inataka mita 96 za nafasi tupu, na ndani ya ukumbi uliojaa ndege nyingine hutazipata. Hata ukiwa na kamera ya sensa kubwa ya milimita 36, Spitfire bado inataka karibu mita 16.

Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera, ile ambayo watu huiacha kabatini wakishanunua fifti, inaingiza Spitfire hiyo hiyo kutoka mita 9 ikiwa kwenye 18mm.

Sasa giza. Kumbi hizi hazina giza kwa ubahili wa stima. Rangi za zamani hupauka, na ndege za mwanzo zilivikwa kitambaa cha kitani, ambacho mwanga hukila polepole. Kiwango cha mwanga kinachozoeleka makumbushoni kwa vitambaa ni lux 50. Kumbi za Dayton zinajulikana kwa giza lake: taa chache za kumulika kutoka juu, na weusi unaobaki kati ya ndege na ndege.

Chukua ukumbi ambao kipima mwanga cha kamera kinakupa f/2.8 (tundu; namba ikipungua tundu hupanuka), 1/15 ya sekunde (muda wa shata kubaki wazi), ISO 1600 (wepesi wa sensa kupokea mwanga; ukiupandisha, chengachenga huongezeka). Weka fifti kwenye f/1.8 na shata inapanda hadi karibu 1/40. Inasikika vizuri, lakini kwa lenzi ya 50mm kwenye sensa ndogo, mkono wa kawaida unahitaji 1/80 ili picha isitikisike. Kwa hiyo unalazimika kupanda ISO 3200. Chukua sasa 18-55mm f/3.5-5.6 IS STM kwenye 18mm. Tundu lake la f/3.5 linakupa 1/10 kwa ISO 1600. Mkono peke yake ungetaka 1/30, lakini lenzi hii ina kituliza mtikisiko. Canon wanadai stopu 4 (kila stopu ni mara mbili). Hesabu 3 ili uwe salama, na hapo unaweza kushuka hadi 1/4. Yaani ISO 800 kwa 1/5 inatosha. Lenzi "duni" imekupa picha yenye chengachenga kidogo zaidi, stopu 2 nzima, kwa sababu ndege haitembei. Fifti ilitengenezwa kugandisha bibi harusi anayecheza. Spitfire iliyofungwa kwenye sakafu haina haraka.

Kina cha fokasi kinamaliza hoja. Fifti kwenye f/1.8, ukifokasi kitu kilicho mita 10, inakupa ukali kuanzia kama mita 8.8 hadi 11.6 tu. Rafadha itakuwa kali, mkia utakuwa uji. Lenzi ya 18mm kwenye f/3.5 ikifokasi mita 5 inashika kuanzia kama mita 2.5 hadi mwisho wa ukumbi.

Kwa hiyo fifti ni ya nini? Ni ya kukaribia. Pua, injini, maandishi ya kiwiliwili, mashimo ya ribiti, gurudumu lililochakaa, dirisha la chumba cha rubani. Hapa upungufu wa kina unageuka kuwa faida: kamba za kuzuia watu, vibao vya maelezo na ndege ya jirani vinayeyuka nyuma. Ukiwa mita 2 kutoka kwenye kitu, f/1.8 inakupa sentimita 11 tu za ukali, jambo linalotosha kwa nembo iliyochorwa ubavuni. Injini ya mviringo yenye silinda zilizojipanga kama miale ya jua inataka f/4, ambayo inakupa kama sentimita 24. Kwenye f/1.8 kingo za picha hulegea na taa za kumulika huacha ukungu mweupe, f/2.8 inasafisha sehemu kubwa ya hayo. Ukifika f/8 juu ya stendi ya kamera, vipande 7 vya tundu huchora nyota zenye miale 14 kwenye kila taa. Wengine huipenda. Sisi tunaona inafanya bomu la zamani lionekane kama kadi ya Krismasi.

Fokasi yenyewe ina mambo mawili ya kujua. Mota ya fokasi (STM) ni tulivu lakini gizani huenda mbele na nyuma ikitafuta. Tumia nukta ya katikati, na uielekeze kwenye mpaka mkali, kama ukingo wa nembo au mstari wa ribiti, kamwe si kwenye alumini laini iliyong'arishwa. Pili, pete ya fokasi inaendeshwa na umeme: kamera ikizimwa, unazungusha pete bure. Ukifokasi kwa mkono, tumia skrini ya nyuma ya kamera na ukuze mara 10. Ncha ya mbele hutoka nje lenzi inapofokasi karibu, na ukiigonga kwenye reli ya kuzuia watu unaumiza mota. Nunua kofia ya lenzi ya ES-68, si kwa ajili ya jua bali kwa ajili ya reli.

Kosa linaloharibu picha nyingi kuliko yote si lenzi. Ni kipima mwanga cha kamera. Ukuta mweusi nyuma ya ndege hudanganya kamera idhani pana giza kuliko palivyo, inafungua mwanga, na alumini ya fedha inageuka karatasi nyeupe isiyo na maelezo. Punguza mwanga kwa stopu 1 hadi 1⅔, angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha), na upige RAW (faili ghafi) kila mara, maana taa za kumulika za balbu zina rangi ya 2800 hadi 3200K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) huku mwanga wa mlangoni ukiwa 5500K. Kadi ya kijivu mbele ya pua ya ndege, picha moja tu, itakuokoa saa nzima ya kusahihisha rangi. Taa za LED za bei nafuu nazo hupepesa mara 100 kwa sekunde kwa stima yetu ya Hz 50. Ukipita 1/100 utaona mistari. Marekani ni Hz 60, kwa hiyo huko mpaka ni 1/120.

Fleshi isahau. Ile ya kamera inaishia mita 3 au 4 kwa f/3.5 na ISO 100: pua nyeupe, mkia mweusi, na doa la mwanga katikati ya kila bati. Majumba mengi yanaikataza hata hivyo. Filta ya polaraiza inaondoa mng'ao wa kioo, lakini inakula stopu 1.5 hadi 2 ambazo huna. Kwa vioo, gusa kioo kwa kofia ya mpira, au zungushia lenzi kitambaa cheusi.

Stendi ikikubaliwa, ule ukumbi wa mfano wetu unakuwa f/8, ISO 100, sekunde 8. Zima kituliza mtikisiko, tumia kipima muda cha sekunde 2. Stendi ikikataliwa, mfuko mdogo wa kitambaa wenye nusu kilo ya ndengu juu ya reli unafanya kazi ile ile, na unaweza kuujazia ndengu huko huko uendako.

Mazoezi hayahitaji viza. Kisumu Museum ina vioo vya samaki na nyoka vya kujifunzia mng'ao. Kapenguria ina vyumba vidogo vya gereza walimofungiwa Kenyatta na wenzake watano, ambapo fifti itakufundisha kwa ukatili maana ya kukosa nafasi. Lakini darasa bora ni matatu ya watu 14 ndani ya banda la jua kali saa moja jioni, taa moja ikiwa imewashwa: bati lililopinda, mng'ao, weusi nyuma, na urefu wa karibu mita 4.7. Ukikosa mita 10 za kusimama nyuma kwa fifti, umeshaelewa shida ya Spitfire.

Mkazi wa Kisumu anayefika Southampton, Uingereza, aende kwenye makumbusho ya Solent Sky. Kuanzia 1931 ndege za majini za Imperial Airways zilitua hapa Kisumu ziwani, na ndege ya Sandringham iliyomo humo ni ya ukoo wa kampuni ya Short iliyozitengeneza. Mabawa yake ni zaidi ya mita 34. Fifti ibaki kwenye begi mpaka ufike mlangoni mwa ndege.

Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu upande wa nyuma na uangalie kupitia mbele, tundu likiwa wazi. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni ukungu wa kuvu, na unyevu wa ziwa huulea haraka. Vumbi kidogo si tatizo, ukungu ni. Fokasi kutoka sentimita 35 hadi mbali mara kumi: mota inayokwaruza au kukwama mara moja itakwama mara nyingi. Baada ya hapo ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye vifuko vya silika.